Rangi ya Kucha Kwenye Skrubu ya Hewa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ukiona madoa ya grisi kwenye karatasi hii usinigombeze. Nimenawa mara mbili na sabuni ya unga, yamegoma kutoka, na mimi nimegoma kusubiri. Nina habari, Baba, habari ambayo tangu jana inanifanya nicheke peke yangu barabarani mpaka watu wa bodaboda wananiuliza kama nimechumbiwa. Nimelifungua gari la Mwalimu wa Bungu. Ndiyo, lilelile la buluu. Nimelifungua kwa mikono yangu, hapahapa Korogwe, na nimeona kilichokuwa kinaliua.

Najua umeshakaza macho. Hukupenda mtu aje na jibu kabla ya kueleza gari linaumwa nini. Basi nianze mwanzo, na wewe uniache nimalize.

Unakumbuka siku uliyonifundisha kabureta? Nilikuwa darasa la sita, nimetoka shule na sare bado mwilini, nikakukuta gerejini kwetu ng'ambo ya reli umeshika bomba la dawa ya mbu, lile la bati la kusukuma kwa mkono. Nikadhani unapulizia mbu. Kumbe umelijaza maji. Ukanipulizia usoni, ukacheka mpaka ukakaa juu ya tairi. Halafu ukasema, "Umeona? Hewa imepita juu ya kamrija, ikayanyonya maji kutoka chini, vikatoka pamoja. Hiyo ndiyo kabureta. Ukiijua hiyo, gari zote umezimaliza." Nilikuwa nimelowa shati zima na nilikuwa na furaha kama mtoto wa sikukuu.

Na kweli, kwa magari ya wakati ule, ulikuwa umezimaliza. Dereva akikanyaga mafuta, mlango wa hewa unafunguka, hewa inaingia kwa kasi, inavuta petroli, vyote vinakutana kwenye mdomo mmoja. Gari likikataa sailensa, yaani likishindwa kunguruma taratibu lenyewe bila mguu kwenye mafuta, ulikuwa huhangaiki. Unakwenda moja kwa moja kwenye ule mdomo na bisibisi yako ndefu yenye mpini wa mti wa mpera, unazungusha skrubu robo, unasubiri, unarudisha kidogo, gari linatulia. Kama bado hujaridhika, unaiweka ncha ya bisibisi juu ya injini na mpini unaugandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, macho umefumba. Mimi nikiuliza kitu unaninyamazisha. "Subiri, inanieleza."

Na ile rangi ya kucha ya Mama! Kila sikukuu anaitafuta nyumba nzima, kumbe iko kwenye sanduku la spana. Hukugusa skrubu hata moja kabla ya kuichora mstari mwekundu, nusu kwenye kichwa cha skrubu, nusu kwenye chuma kilichoishika. Ukiizungusha, mstari unakatika. Ukitaka kuirudisha ilipokuwa, unaiunganisha mistari. "Nikipotea nijue pa kurudia," ulikuwa unasema. Mafundi wenzako walikuita Bibi Harusi kwa ajili ya hiyo rangi, na wewe ulikuwa unawaonyesha kucha zako nyeusi kwa oili na kuwauliza mahari ni kiasi gani.

Halafu Mwalimu akashuka kutoka milimani na gari lake.

Nilikuwa kidato cha pili. Magari ya injeksheni, yale yasiyo na kabureta, yalikuwa yameshaanza kujaa mjini, na wewe ulikuwa unayapita kama mtu anavyompita jirani aliyegombana naye. "Gari linalofikiri lenyewe linataka fundi wa nini?" Lakini Mwalimu alikuwa anakuamini, alikuja kwako na si kwa mwingine. Gari lilikuwa linatetemeka kama lina homa, na ukiachia mafuta tu, linazima. Ukaanza kama ulivyoanza siku zote, ukafunga plagi nne mpya. Halikubadilika. Ndipo ukainamia mdomo wa hewa, ukaona kaskrubu kadogo pembeni, na uso wako ukafunguka, maana hatimaye umeona kitu unachokijua. Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Nilikuona ukizungusha, ukisikiliza, ukirudisha, ukizungusha tena, toka asubuhi hadi adhana ya alasiri. Halikutulia.

Mwalimu alimpigia simu fundi mmoja wa mjini. Huyo bwana hata gari hakuliona, akatoa hukumu kwenye simu, "Fundi wa kabureta akishagusa hiyo skrubu ya throto, ya mlango wa hewa, imekwisha. Throto nzima inunuliwe upya." Nilisikia, maana simu ilikuwa inapiga kelele. Na wewe ulisikia. Mwalimu akalivuta gari lake kwa lori kurudi Bungu, na kabla ya kupanda lori pale stendi, jirani na gereji yetu, akasema mbele ya kila mtu, "Fundi Mbwana ameniulia gari."

Ungejibu, Baba. Ungemtukana hata kidogo tu, ningelala vizuri. Wewe ulifunga sanduku lako la spana, ukaenda kuswali. Baada ya hapo watu wakawa wanapita na magari yao bila kusimama, na haukupita mwaka tukahamia kwetu Handeni ukawa unatengeneza mashine za kusaga. Ulizitengeneza vizuri sana, wanawake wa mtaa mzima walikusifu, lakini kulisogelea gari hukulisogelea tena. Hata lile la shemeji lilipozima mbele ya mlango wetu, ulimwambia atafute fundi.

Nilipokwambia nataka kwenda chuo cha ufundi kusomea magari, uliniuliza jambo moja tu, "Hayo ya kompyuta?" Nikasema ndiyo. Ukatikisa kichwa, kesho yake ukanipa ile bisibisi ya mpera. Na nilipokuwa nakuja likizo, ulikuwa unajifanya husikilizi ninapomweleza Mama niliyojifunza. Nilikuwa nakuona. Ulikuwa unapunguza sauti ya redio.

Ila kilichonikaa moyoni ni wiki yako ya mwisho. Ulikuwa umelala kwenye mkeka barazani, jua la asubuhi liko miguuni, nikidhani unasinzia. Ukaniuliza, "Hivi ile skrubu ya Mwalimu, ningeizungusha upande wa pili, gari lisingekufa, eti?" Nilikuwa fundi mwenye cheti na sikuwa na jibu la kumpa baba yangu. Nikasema, "Pumzika, Baba." Miaka mitatu sasa nimejuta hilo neno.

Basi sikia. Alhamisi nimetoka kununua mpira wa breki, napita kwenye yadi ya chuma chakavu, naona lori linashusha gari la buluu. Nikasimama palepale. Mwalimu mwenyewe alikuwa pale, amezeeka, ndevu zote nyeupe, anaelewana na mwenye yadi kwamba Jumamosi mchana litakatwa. Miaka yote hiyo alikuwa amelifungia kwenye banda la mabati kule kwake.

Nikamwamkia. Nikamwambia, "Mwalimu, naomba unipe hilo gari mpaka Jumamosi."

"Wewe ni nani, binti?"

"Mimi ni mtoto wa Fundi Mbwana."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kilemba. "Baba yako ndiye aliyeliua. Sasa wewe umekuja kulifufua?"

"Nimekuja kuona alikufa kwa ugonjwa gani," nikasema. Hata sijui kwa nini nilisema 'alikufa', kama mtu. Mwalimu akasema nilichukue, atalifuata Jumamosi asubuhi, chuma ni chuma, Jumamosi ni Jumamosi.

Nisikudanganye, Baba, nilikuwa na hofu. Nililivuta mpaka gerejini kwangu na nikakaa nalitazama bila kulifungua. Je, nikikuta kweli wewe ndiye? Nikikuta skrubu imezungushwa hovyo na throto imeharibika? Nisingeweza kukuficha. Hujawahi kunifundisha kumficha mtu ugonjwa wa gari lake.

Nikafungua boneti. Nikamwaga petroli iliyooza, nikatoa tangi, nikabadilisha pampu ya mafuta na chujio, nikaziosha nozeli zote, zile ncha zinazopulizia petroli. Kisha nikafika kwenye mdomo wa hewa. Umejaa masizi. Nikachukua ile dawa ya kupuliza ya kuoshea, kidole kiko tayari kubonyeza, ndipo nikakusikia, "Futa kwanza, tazama, ndipo uoshe." Nikaiweka chini dawa. Nikachukua kitambaa kikavu, nikafuta pembeni taratibu. Vumbi, oili, vumbi. Halafu, chini ya vumbi, wekundu.

Baba, nilipiga kelele! Jirani yangu muuza matairi alikuja mbio akidhani jeki imeteleza. Rangi ya kucha ya Mama ilikuwa pale, na ile dawa ingeila yote kwa sekunde moja. Nusu kwenye kichwa cha skrubu, nusu kwenye chuma. Na mistari imekutana. Imekutana sawasawa, Baba, kama haijawahi kuachana! Uliizungusha kutwa nzima, halafu kabla ya kumrudishia Mwalimu gari lake, ukairudisha ilipokuwa. Hukumwambia mtu. Nikaweka betri, nikaunganisha mashine ya kupimia, nikauliza sensa, yaani kihisi cha mlango wa hewa, ikajibu kwamba mlango umefunga vilevile unavyotakiwa kufunga. Throto haina kosa hata chembe.

Sasa ngoja nikueleze, maana najua unataka kujua na unajifanya hutaki. Kwenye injeksheni, ule mdomo wako hauna petroli. Hewa tupu! Mguu ukikanyaga, kebo inavuta mlango, hewa inaingia, na sensa iliyo pembeni inakwenda kumwambia kontrolboksi, yaani ubongo wa gari, kwamba mlango umefunguka kiasi hiki. Ukiachia mguu, mlango unafunga, na hewa ya sailensa inapita kwenye kanjia kadogo ka pembeni. Petroli inakuja kwa njia nyingine kabisa. Pampu inaisukuma kutoka kwenye tangi, inafika kwenye bomba moja ikiwa na nguvu, na kwenye hilo bomba zimepangwa nozeli nne, kila silinda na ya kwake. Kontrolboksi anazipa umeme moja moja, zinafunguka kufumba na kufumbua, tik, zinafunga. Kabureta yako ilikuwa sinia moja, watoto wote mkono ndani. Hii kila mtoto anapakuliwa sahani yake, na aliyepakua anajua nani amekula kiasi gani. Kwa hiyo siku ile ulikuwa unautafuta ugonjwa wa petroli kwenye mlango wa hewa. Ulikosea mlango, nasema wazi, na fundi yeyote wa kabureta hapa Korogwe angeukosea. Lakini kukosea mlango si kuvunja nyumba.

Nikafunga kila kitu, nikawasha. Likawaka! Na likaanza kutetemeka vilevile, nikaachia mafuta, likazima. Nikacheka, nakuapia. Ugonjwa ulikuwa bado upo, unanisubiri mimi.

Nikachukua bisibisi ya mpera. Nikamwomba muuza matairi anishikie mafuta kidogo lisizime. Ncha nikaiweka juu ya nozeli ya kwanza, mpini nyuma ya sikio, macho nikafumba. Tik tik tik tik. Ya pili, tik tik tik tik. Ya nne hivyohivyo. Ya tatu, kimya. Nikarudia. Kimya. Baba, ulikuwa na chombo mkononi! Siku ile ungeiweka ncha sentimita chache tu kutoka pale ulipokuwa unazungusha, ingekueleza. Hukujua tu kwamba na hizi zinaongea.

Nikachomoa soketi ya nozeli ya tatu, nikapachika taa ya kupimia umeme. Haikuwaka. Nikaufuata waya kwa vidole, nikafika chini ya bomba la hewa, pale pasipoonekana, nikakuta umetafunwa. Alama za meno, ndogondogo. Panya wa Bungu wanajua baridi, na injini ya moto ni kitanda kizuri. Nikatoa plagi zote nne ili nijiridhishe. Zilikuwa ni zilezile ulizofunga wewe. Tatu zimeungua rangi ya kahawa. Ya silinda ya tatu ilikuwa safi, kama imetoka kwenye boksi leo. Silinda ile haikuonja petroli tangu uifunge hiyo plagi. Yaani umeme wa namba tatu ulishakatika kabla hujashika hiyo skrubu.

Mwalimu alikuja Jumamosi asubuhi kama alivyoahidi. Nilikuwa nimeunga waya, sijaliwasha. Nilitaka aone kwanza. Nikamwonyesha mstari mwekundu, nikamweleza maana yake. Nikamwonyesha plagi. Nikamwonyesha kipande cha waya chenye alama za meno ya panya, nikakiweka kwenye kiganja chake.

Akakigeuza upande wa pili. Akavua kofia. "Kabla sijashuka kwa baba yako," akasema, "nilikuta kiota cha panya humo ndani. Nikakitoa kwa kijiti cha fagio. Sikumwambia. Nilidhani si kitu."

Nilikuwa na hasira, Baba, sikatai, hasira ya miaka yote ile. Nikamkumbuka fundi wa simu, nikakumbuka stendi, nikakumbuka mkeka wa barazani. Halafu nikamwangalia yule mzee na kofia yake mkononi, nikaona ni afadhali gari lijibu. Nikampa ufunguo.

Akawasha. Akakanyaga, akaachia. Injini ikashuka, ikashuka, nikashika pumzi, ikatulia. Ikabaki inanguruma kwa upole, glasi ya maji ningeiweka juu yake isingemwagika. Muuza matairi alipiga makofi. Mimi nilikuwa nalia na kuruka kwa wakati mmoja, ovaroli limenivuka bega, na sikujali nani ananiona.

Mwalimu hakuzima. Akasema, "Panda. Nielekeze alipo."

Tukashika barabara ya Handeni na gari lako, maana kuanzia jana mimi naliita lako. Njia nzima hakuna kilichogonga. Tulipofika nyumbani, Mama alikuwa anachambua mchicha. Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Akaingia ndani, akatoka na kichupa chekundu cha rangi ya kucha kilichobaki robo. "Hiki nilikificha baba yako asikimalize," akasema. "Haya, kimalizie kwenye kazi yake." Nikafungua boneti, nikachora mstari mwekundu pale nilipounga waya wa nozeli ya tatu, nusu huku, nusu huku. Mstari wangu haujanyooka kama wako, lakini unaonekana.

Kisha tukaja kwako, makaburini. Ulituona? Mwalimu alilisimamisha gari pale kwenye mwembe mdogo wa njiani, akashuka bila kuzima. Akasimama miguuni pako na kofia kifuani, akakupa salamu yake, na akasema kwa sauti, mbele yangu na Mama na wachimba makaburi wawili waliokuwa wanapumzika, "Fundi Mbwana, gari langu hukuliua wewe. Nilikusema vibaya mbele za watu, na Jumatatu nitasimama stendi palepale niliposimama siku ile niseme vingine." Hao wachimbaji hawakuelewa kitu. Sisi tulielewa.

Baba, uliniuliza kama ungeizungusha upande wa pili. Leo ninalo jibu. Upande wowote ungeizungusha, lisingepona, na upande wowote usingeliua. Uliirudisha ilipokuwa, na hicho ndicho ulichokuwa unaweza kukifanya, na ulikifanya vizuri. Pumzika sasa, safari hii nasema nikiwa najua ninachosema.

Mama aliomba dua ndefu, kama unavyomjua. Tulipoitikia amina ya mwisho nikageuka kutazama njiani. Gari lilikuwa bado linanguruma lenyewe, hakuna mguu kwenye mafuta, halijazima.

Wako,
binti yako, fundi